Msimu wa machungwa umeingia: tuyale pamoja na chakula, tuache kuyamalizia kwenye jagi la sukari

BintiMkuzi
Wakuu, habari za Jumapili.

Msimu umeingia. Ukipita barabara ya Segera kwenda Tanga, au pale Michungwani, neti za machungwa zimepangwa kando ya lami mpaka unashindwa ununue kwa nani. Muheza malori yanapakia ya Dar na mengine yanavuka Horohoro kwenda Kenya. Pamoja na hayo yote, shambani bado kuna machungwa yanaozea chini ya mti kwa kukosa mnunuzi. Mimi nimekulia chini ya michungwa na kazi ninayoifanya ni ya lishe. Kwa hiyo naumia mara mbili: tunda linaoza, na wanawake wanaokuja kliniki damu imepungua.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zimo, lakini chakula nacho kimo. Wengi wetu madini ya chuma tunayategemea kutoka kwenye maharage, kunde, choroko, mchicha, kisamvu na matembele. Chuma cha kwenye mimea mwili hukipokea kwa taabu. Vitamini C ikikutana nacho tumboni, hukigeuza kikawa katika hali ambayo utumbo unaweza kukichukua, na kwa mlo huo kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Lakini lazima vikutane. Chungwa la saa kumi na moja jioni haliyasaidii maharage ya saa saba mchana.

Sasa tazameni tunavyokula. Wali maharage, halafu juu yake kikombe cha chai ya rangi. Majani ya chai yana tanini, na tanini inakishika kile chuma kisipite. Yaani mtu amekula chakula kizuri kabisa, kisha akakifungia mlango. Chungwa analo mezani, ila analiweka la baadaye, au limeshakamuliwa kwenye jagi likatiwa sukari nusu kilo kwa ajili ya wageni.

Ombi langu msimu huu ni moja: chungwa liliwe na mlo, likiwa zima. Chai isubiri, inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Kwa wanaopenda hesabu: gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50 za vitamini C, na chungwa la wastani linafika kama 70. Mwanamke mtu mzima Wamarekani wanampangia 75 kwa siku, mwanamume 90. Chungwa moja kubwa karibu linamaliza kazi. Humo humo kuna foleti (vitamini inayosaidia kutengeneza damu), madini ya potasiamu na nyuzinyuzi. Ule utando mweupe tunaouchuna na kuutupa una hesperidini, kemikali ya asili ya machungwa, pamoja na nyuzinyuzi laini zinazosaidia tumbo. Muuza machungwa anayelimenya kwa kisu akabakiza weupe anafanya jambo jema, ingawa yeye analenga tu lisipasuke ukilifyonza. Ila ukishalifyonza usitupe makapi, yatafune.

Karibuni tujadili. Mapishi nitaleta.

KakaUbungo
Ahsante dada kwa uzi wenye shule. Mimi sokoni huwa nayakwepa yale ya kijani, nakimbilia ya njano. Nitajuaje kama limeiva?

BintiMkuzi
Kaka, rangi ya ganda kwetu haikuambii kitu. Ganda linageuka rangi ya chungwa pale usiku unapokuwa wa baridi, kwa sababu baridi ndiyo inayoondoa ule ukijani. Muheza, Pwani, Zanzibar usiku ni joto, kwa hiyo tunda linaiva ndani huku nje limebaki kijani au kijani cha kumanjano. Aina ya chungwa iitwayo Valencia ndiyo zaidi: ikikaa mtini muda mrefu inaweza kuanza kurudia ukijani ikiwa imeshaiva kabisa.

Wewe lishike. Liwe zito kuliko unavyolitegemea kwa ukubwa wake, maana uzito ni maji. Ganda liwe laini na lenye kubana, siyo nene lenye mabonde. Likwangue kidogo kwa ukucha, harufu itoke kali. Chungwa kubwa jepesi liache, ndani utakuta makapi makavu.

Mchambuzi_Huru
Mleta uzi, hapo kwenye juisi unawachanganya watu. Juisi ya chungwa si chungwa hilo hilo? Vitamini imo. Watu wanywe tu.

BintiMkuzi
Mkuu, vitamini C imo, hilo sikatai. Ninachosema ni hiki: glasi moja inakula machungwa matatu au manne, na unaimaliza kwa pumzi mbili. Ungeyala mazima ungechoka kwenye la pili. Nyuzinyuzi umeziacha kwenye chujio, sukari yote ya yale matunda imeingia kwa pamoja, halafu juu yake umeongeza vijiko vya sukari ya dukani. Mwenye kisukari anaiona tofauti hiyo kwenye kipimo siku hiyo hiyo, na asiye na kisukari hana sababu ya kujizoesha.

Anayetaka juisi, anywe nusu glasi, bila sukari, akiwa anakula. Aikamue kwa mkono. Ukiyatia kwenye blenda na mbegu zake, mbegu zinasagika na juisi inakuwa chungu, ndipo sukari inapoitwa kuja kuokoa. Yale machungwa ya kitovu yana tabia nyingine: juisi yake ni tamu ukiikamua, ikikaa kwa muda inageuka uchungu yenyewe. Hayo yale mazima. Na juisi isichemshwe. Moto na hewa vinaila vitamini C. Usiku mmoja kwenye friji ndani ya chupa iliyofungwa hauimalizi, ila jagi wazi mezani tangu asubuhi ni hasara.

SomoeMvita
Dadangu wa Muheza, salamu kutoka Mombasa. Malori yenu tunayaona, na hayo machungwa twayala sana huku, Mungu awabariki.

Nataka kuongeza kitu cha historia, kwa sababu watu wadhani habari ya machungwa na afya imetoka kwa wazungu. Vasco da Gama, nahodha Mreno, alipofika Mombasa Aprili 1498, mabaharia wake wengi walikuwa wagonjwa kwa ule ugonjwa wa kukosa vitamini C, wa ufizi kuvimba na meno kulegea. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo na machungwa mengi, malimau na miwa. Yule Mreno aliyekuwa akiandika kumbukumbu za safari akaandika kwamba wagonjwa wao wote walipona hapo, na sifa akaipa hewa ya Mombasa kuwa ni nzuri! Mwaka uliofuata, Januari 1499, walirudi Malindi kutoka Bara Hindi baada ya kukaa baharini miezi mitatu. Watu kama thelathini walikuwa wamekufa njiani, na kila jahazi limebakiwa na watu saba wanane wa kufanya kazi. Jambo la kwanza walilotuma nchi kavu ni kutafutiwa machungwa, kwa kuwa wagonjwa wayatamani mno. Safari hiyo hali ilikuwa imeshakuwa mbaya, wengi walikufa hapo hapo.

Kwa hiyo pwani yetu hii machungwa yalikuwa yakiliwa, tena yakitolewa zawadi, kabla Mreno hajatia nanga.

BintiMkuzi
Somo, hapo umenipa nguvu. Na ona dawa ilivyochelewa kutambulika: ni mwaka 1747 ndipo tabibu wa meli ya Uingereza, James Lind, alipochukua mabaharia 12 wenye ugonjwa huo akawagawa wawili wawili, kila wawili na tiba yao. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopona haraka, mmoja alirudi kazini baada ya siku sita. Na bado jeshi lao la majini lilisubiri mpaka 1795 kuamuru maji ya limau yagawiwe melini.

Mbuzi hahitaji chungwa kwa sababu mwili wake unajitengenezea vitamini C. Sisi hatuna uwezo huo, ni lazima tuile, na haikai sana mwilini. Ndiyo maana kidogo kila siku kunashinda ndoo nzima siku ya Jumamosi.

MamaMapacha
Dada Binti, shikamoo kama umenizidi umri. Watoto wangu wamechoka na chungwa la kukata vipande vinne. Hayo mapishi uliyoahidi yako wapi? Na mimi sina oveni, nina jiko la mkaa na la gesi moja.

BintiMkuzi
Marahaba mama. Yote haya yanatosha jiko moja.

Naanza na kachumbari kwa sababu ndiyo inayokaa kwenye sahani ya maharage, na ndiyo ninayoipigia debe kuliko vyote. Kata kitunguu maji vyembamba, kivuruge na chumvi, kikae dakika kumi, kisuuze. Menya machungwa mawili kwa kisu mpaka weupe wa nje utoke, halafu pitisha kisu kati ya zile ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande ili utoe nyama peke yake. Fanya kazi hiyo juu ya bakuli maji yasipotee. Changanya na kitunguu, tango au kabichi iliyokatwa nyembamba, pilipili mbuzi kipande, kotimiri, chumvi. Usiongeze ndimu kabla ya kuonja. Iandaliwe watu wakiwa wanasogea mezani, siyo asubuhi. Watoto wako watolee yao kabla ya pilipili. Watakula maharage bila ugomvi.

Angalizo la maharage yenyewe: usitie maji ya chungwa wala ndimu wala nyanya nyingi yakiwa bado magumu. Uchachu unayazuia kulainika, utamaliza mkaa wote. Yaive kwanza, ya chungwa yaje mwisho au yakae pembeni.

Kuku wa machungwa. Kuku mmoja wa kisasa, vipande. Kama ni wa kienyeji mchemshe kwanza karibu aive. Kamua machungwa manne na ndimu moja, maana chungwa tamu peke yake halina uchachu wa kutosha kwenye nyama. Twanga vitunguu swaumu punje tano na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, tia bizari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga, chumvi. Kuku akae humo saa moja au mbili. Kabla hujakamua hayo machungwa, yaoshe vizuri na ukwaruze ganda la juu la mawili kwenye kikwaruzo cha karoti, upande wa matundu madogo. Uishie kwenye rangi, ukigusa weupe tu umeleta uchungu. Weka pembeni. Kaanga kitunguu maji, mtie kuku bila rojo lake apate rangi, kisha mimina rojo lote, funika, moto mdogo nusu saa. Moto uwe mdogo kweli, sukari ya chungwa inaungua haraka na kushika chini ya sufuria. Mwishoni funua rojo lipungue mpaka libaki zito, nyunyiza lile ganda, ipua. Usiliweke mapema, harufu yote itapaa na mvuke.

Samaki ni hivyo hivyo, changu au nguru, ila asilowekwe zaidi ya nusu saa. Uchachu unaanza kumpika na nyama inakauka.

Ganda lililokwaruzwa liweke pia kwenye maandazi pamoja na iliki, au kwenye unga wa keki ya sufuria. Chungwa moja kwa nusu kilo ya unga. Hapo vitamini C usiitafute tena, imeondoka na moto. Hiyo ni ladha, na ladha nayo ina haki yake.

MlinziWaShifti
Naomba kuuliza mawili bila kuchekwa. Mama yangu mdogo anasema chungwa na maziwa ni sumu. Na mtaani kwetu vijana wanasema machungwa na ndimu zinakausha damu na kupunguza nguvu za kiume. Mimi nakesha kazini, nimekuwa nikiyaacha.

BintiMkuzi
Hakuna wa kukucheka kaka, haya naulizwa kila wiki.

Maziwa yanaganda yakikutana na chungwa, ndiyo. Lakini tumbo lina asidi kali kuliko chungwa, maziwa yoyote unayokunywa yanagandia humo humo, hiyo ndiyo njia yake ya kusagwa. Mwenye tumbo jepesi anaweza kuhisi kujaa, basi atenganishe. Sumu hakuna.

La pili halina ukweli. Chungwa halikaushi damu. Nimeeleza juu kwamba linasaidia chuma kuingia, yaani linafanya kinyume cha wanachosema. Na halina kitu cha kumpunguza mwanamume. Kula kaka, hasa hiyo kazi ya kukesha na chai nyingi.

Nikiwa hapo niseme na la mafua. Chungwa halizuii mafua kukupata. Vitamini C ikitumiwa kila siku imeonekana kupunguza kidogo muda wa kuugua, si zaidi ya hapo. Na maganda mnayochoma kufukuza mbu yananukia vizuri, ila mtoto alale ndani ya chandarua.

Mchambuzi_Huru
Sawa kwenye juisi umenishawishi. Lakini hiyo mara mbili ya chuma, nimewahi kusoma kwamba kwa muda mrefu tofauti haiwi kubwa kiasi hicho.

BintiMkuzi
Umesoma sawa mkuu. Vipimo vya mlo mmoja mmoja vinaonyesha ongezeko kubwa. Mtu anayekula vyakula mchanganyiko, nyama kidogo, samaki, mboga, kwa miezi, tofauti inakuwa ndogo zaidi. Ninaowasemea ni wale ambao nyama wanaiona sikukuu, ambao chuma chao karibu chote ni cha maharage na mboga za majani. Na hata wao, mwenye upungufu wa damu asitibiwe na machungwa. Apimwe, anywe vidonge alivyopewa. Mjamzito ameze kile kidonge cha kuongeza damu na chungwa au maji, asikimeze na chai. Foleti ya chungwa haichukui nafasi ya kidonge.

Zawadi_Ughaibuni
Salamu kutoka Sweden, huku machungwa yanatoka Hispania na yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Naweza kutumia ganda?

BintiMkuzi
Dada, huo mng'ao mara nyingi ni nta, na pamoja nayo huwekwa dawa ya kuzuia ukungu safarini. Tafuta yaliyoandikwa kwamba ganda halikutiwa dawa baada ya kuvunwa, ndiyo ya kukwaruza. Mengine kula ndani, na uyaoshe kabla ya kumenya kwa sababu kisu na mikono vinabeba vya nje kuingiza ndani. Ya Muheza hayapakwi nta, lakini nayo yaoshwe kwa brashi, yamepita mikono mingi na sakafu ya lori.

Mjukuu_wa_Bibi
Bibi yangu ana presha na figo zimeanza kuchoka. Anapenda madanzi, yale machungwa machungu. Ale?

BintiMkuzi
Ndugu yangu, kwa bibi naomba uwe makini kweli.

Figo zikichoka zinashindwa kutoa potasiamu, na chungwa lina potasiamu ya kutosha kuleta shida kwenye moyo kama damu tayari imejaa potasiamu. Usimkataze wala usimruhusu kwa kunisoma mimi. Muulize anayesoma majibu yake ya damu kliniki, kiasi kinategemea majibu hayo.

Danzi lina jambo jingine, pamoja na balungi. Yana kemikali zinazozuia utumbo usivunje baadhi ya dawa, dawa ikajazana mwilini. Baadhi ya dawa za presha zimo, nifedipini ni mojawapo, na baadhi za kushusha mafuta kwenye damu. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo. Nenda na boksi za dawa zake, uulize.

Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia asile chungwa tumbo likiwa tupu. Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, na juisi isubiri mpaka atimize mwaka. Na ukimaliza kula chungwa sukutua kwa maji, mswaki usubiri nusu saa, asidi inakuwa imelainisha meno.

MamaMapacha
Dada, kachumbari imeisha bakuli lote, baba watoto kachukua mara mbili. Sasa nina ndoo ya machungwa kutoka kwa shemeji, hayatamaliza wiki. Jemu je? Nilishajaribu kwa fundi wa keki wa mtaani nikaona maganda yanabaki magumu kama plastiki.

BintiMkuzi
Nimefurahi mama!

Maganda yanabaki magumu kwa sababu sukari imeingia mapema. Sukari inalikaza ganda, na likishakazwa hata uchemshe saa tatu halilainiki.

Chukua machungwa kilo moja yaliyooshwa na ndimu mbili. Ukipata danzi mawili matatu ya kuchanganya, bora zaidi, jemu inashika vizuri na inakuwa na ule uchungu mtamu. Kata yote vipande vyembamba na maganda yake. Mbegu zote usitupe, zifunge kwenye kitambaa safi, hizo ndizo zinazoifanya jemu igande. Loweka vyote na hicho kifurushi kwenye maji lita mbili usiku kucha. Asubuhi chemsha moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi, mpaka ganda ukilibonyeza kwa vidole linapondeka. Kabla ya hapo usiguse sukari. Kamua kifurushi cha mbegu ndani ya sufuria, utaona ute mzito unatoka, huo ndio unautaka. Sasa tia sukari kilo moja na robo, koroga iyeyuke, ongeza moto.

Kupima, weka kisahani kwenye friza, dondosha kijiko kimoja, subiri kidogo, sukuma kwa kidole. Juu pakijikunja imeshika. Pakikimbia kama maji, dakika tano nyingine kisha pima tena. Chupa zichemshwe, zijazwe zikiwa za moto na jemu ikiwa ya moto, ufunge hapo hapo. Zisiwe na unyevu ndani.

Ukiona shemeji anaendelea kuleta ndoo na unafikiria kuuza, pita ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako kabla hujanunua chupa nyingi. Wanafundisha usindikaji, na watakueleza habari ya vibali na lebo. Chupa za kwanza weka nyumbani, ila ni tamu sana hiyo, kijiko kimoja kwenye mkate kinatosha. Machungwa mengine kumi na manne ya wiki hii, mawili kila siku, yakae kikapuni mezani karibu na sufuria ya maharage.